Jina Zito la Kindi Wangu

Alhamisi Pahing, 8 Agosti

Zimebaki siku tisa. Naandika na siku ya soko pia, leo Pahing, kama walivyofanya wazee wetu. Mwaka huu Darsono atakoma.

Kamati ya sikukuu ya Uhuru imebandika orodha ya mashindano kwenye kibanda cha walinzi. Kukimbia ndani ya magunia. Kula krupuk, zile chipsi za unga za kukaanga, zinazoning'inia kwenye kamba, mikono nyuma. Kupanda nguzo iliyopakwa grisi. Na mwisho kabisa, Mnyama Hodari wa Mtaa. Miaka mitatu mfululizo zawadi hiyo imekwenda kwa jirani yangu Pak Darsono na njiwa wake. Njiwa analia kuuk mara nne, wazee wazima wanafumba macho kama wameonja pepo. Kuuk! Hata mimi naweza.

Mimi nina kindi arukaye. Nilimnunua soko la ndege mwaka jana, mdogo hata angelala ndani ya upawa. Nikampa jina linalomstahili: Prabu Jayawikrama Surengbuwana. Yaani mfalme wa ushindi, shujaa asiyeuogopa ulimwengu. Mke wangu alisema jina limemzidi mwenyewe urefu, hata ukimpima pamoja na mkia. Wivu tu. Yeye anaitwa Yem.

Mpango ni huu. Tarehe kumi na saba Prabu ataruka kutoka kwenye mfenesi wa mwenyekiti wa mtaa, utando umetanda, atapita juu ya vichwa vya mtaa mzima, atatua kifuani pangu. Siri ya kuruka ni wepesi. Ndiyo maana tangu mwanzo wa Julai nimemwachisha nyenje. Nyenje ni nyama, na nyama ni uzito. Sasa anakula vitu vya nguvu tu: ndizi, sukari guru, na mchuzi wa gudeg, lile fenesi changa letu lililopikwa kwa sukari mpaka likawa jekundu. Sisi watu wa Yogya tumelelewa kwa utamu na hakuna aliyekufa.

Yem hajui. Kila asubuhi akitoka sokoni kuuza tempe, yale mabonge ya soya iliyochachushwa, anarudi na pakiti ya nyenje hai. Sina moyo wa kumkatisha tamaa. Nawakaanga kwa pilipili nikiwa peke yangu, nawala na chai ya saa nne. Watamu ajabu.

Jumamosi Wage, 10 Agosti

Mazoezi. Nimempandisha Prabu juu ya kabati, nikasimama hatua sita mbele na kipande cha sukari guru kifuani. Karuka. Uzuri ulioje! Sekunde moja tu, kisha akashuka kama kitambaa cha mezani, akatumbukia kwenye beseni la soya za Yem zilizolowekwa.

Nimemtoa, nimemkausha, nimemsihi Yem asipige kelele kwa soya chache. Lakini baadaye nikaona kitu. Prabu anatembea kwa mikono. Miguu ya nyuma inamfuata tu, inaburuta sakafuni kama si yake.

Nimejua mara moja. Ni upepo. Ameingiwa na upepo, hakuna ugonjwa mwingine duniani. Miaka thelathini nilikaa dirisha la tatu posta, kila siku naingiwa na upepo, na kila siku dawa ni ile ile: mafuta, kitunguu kidogo chekundu, na sarafu ya kukwangua mgongo mpaka itoke michirizi. Nimetafuta sarafu ndogo kuliko zote ndani ya nyumba. Yem kanikuta nimemlaza Prabu kifudifudi juu ya mto. Kaichukua sarafu, kaitia kwenye mkunjo wa kanga yake.

Kitunguu na mafuta ya nazi nilikuwa nimeshampaka. Nyumba nzima inanuka mchuzi. Paka watatu wamekaa mlangoni.

Jumapili Kliwon, 11 Agosti

Hali mbaya. Hajagusa ndizi. Nimemsogezea sukari guru mdomoni, kaigeuzia uso. Macho yake yale makubwa meusi yananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayejua la kufanya.

Yem anasema nimpeleke kwa Dokta Wulan, daktari wa mifugo pale njia panda. Mikono yake ni myepesi, alimponya bata wa mjumbe. Nimekataa. Wulan ni binti wa Darsono! Nikiingia pale asubuhi, jioni Darsono anajua kuwa silaha yangu haina miguu. Yem akaziacha tempe zake.

"Baba Sekar," akasema, "mficha maradhi, kilio humuumbua."

Nikamwambia methali si dawa. Akasema na ubishi pia si dawa, akarudi kukunja tempe zake kwenye majani ya mgomba.

Nimekaa sebuleni na Prabu ndani ya kofia yangu, nikawaza. Halafu likanijia, wazi kabisa. Jina! Binti yetu Sekar alipokuwa na miaka miwili aliumwa kila mwezi, mpaka bibi yake akasema mtoto amelemewa na jina. Wakati ule aliitwa Dewi Mahawangsa Ratnaningrum. Tulipika uji mweupe na mwekundu, tukaita majirani, tukamwita Sekar tu, ua, basi. Leo yuko Semarang anafundisha mazoezi ya viungo na ana mabega kama ya mpanda nguzo. Sasa huyu wangu ana uzito wa limau na amebebeshwa ufalme, ushindi na ulimwengu. Miguu itaachaje kulegea?

Nimepata faraja kubwa. Ugonjwa ukishajulikana umeshapona nusu.

Jumatatu Legi, 12 Agosti

Kabla ya uji nimeona si vibaya kupata maoni ya kitaalamu, kwa siri. Nimechukua simu ya Yem alipokuwa anaoga, nimebana pua, nimempigia Dokta Wulan. Nimesema mimi ni mtu wa mbali, wa Magelang, nina mpwa wangu mgonjwa.

Akauliza umri. Nikasema miezi kumi na minne. Akauliza dalili. Nikasema miguu haina nguvu, hali chakula, na mchana analala tu. Usiku je? Usiku, kabla ya kuugua, alikuwa anapanda mapazia. Akauliza anakula nini. Nikamtajia ndizi, sukari guru, mchuzi wa gudeg. Akasema yeye ni daktari wa wanyama. Nikasema si neno, sisi si watu wa kuchagua. Akasema kwa sauti ya upole sana kwamba mpwa wangu anahitaji kuonwa leo hii, si kesho, na kwamba mlango wake uko wazi hata kwa watu wa Magelang.

Nimekata simu. Mambo ya madaktari siku zote ni leo hii.

Jioni nimemuwekea Prabu maji kwa ncha ya unyoya. Kalamba mara mbili. Mara mbili tu. Nimemwambia avumilie, kesho atakuwa mwepesi. Nitaandika ukweli kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: nimelia. Sikulia kwa sababu ya mashindano. Kila jioni, tangu nistaafu, kiumbe huyu hutoka kwenye mfuko wa shati langu, hunipanda mpaka sikioni, hunusa kama ananisikiliza. Hakuna mtu mwingine anayenisikiliza saa hizo. Yem huwa ameshalala.

Jumanne Pahing, 13 Agosti

Siku ndefu.

Asubuhi nilimwomba Yem apike uji wa wali, nusu mweupe kwa tui, nusu mwekundu kwa sukari guru. Hakubisha. Nadhani naye alikuwa ameshaogopa. Tulibishana jina tu. Mimi nilitaka Slamet, yaani salama, jina la wagonjwa wote. Yem akasema mtaa huu una akina Slamet wanne, mmoja wao jogoo. Basi akasema yeye: Kapuk. Sufi ile ya kwenye mito. Nikakiri moyoni kwamba chini ya Kapuk kwa wepesi hakuna kitu.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Nikasema, karibuni baada ya Alasiri, tunabadilisha jina la mtoto, maana amelemewa. Nilisema mtoto. Sikusema uongo, kwangu ni mtoto. Tatizo ni kwamba watu walielewa.

Walikuja ishirini na wawili! Kumbe tangu mchana habari zimezagaa kwamba Sekar amejifungua kimyakimya Semarang na mjukuu ameletwa kwetu anaumwa. Wanawake wamebeba sabuni za mtoto, kofia za kufuma, kanga za kubebea. Pak Modin, anayetuongozea dua, amevaa koti lake la harusi. Na mwisho, akiwa ameinama kwa adabu mlangoni, Darsono. Kabeba mkebe wa maziwa ya unga, ule mkubwa. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema pole, Pak Ngadiman, watoto ndivyo walivyo, hupita.

Nilitaka sakafu inimeze.

Pak Modin akakaa, akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema analala. Akasema aletwe, dua haisomwi kwa ukuta. Nikamtazama Yem. Yem akatazama uji. Basi nikaingia ndani, nikatoka na kofia yangu, nikaiweka katikati ya mkeka.

Vichwa vyote vikainama kutazama. Kisha mkia ukajitokeza.

Bu Parti, mke wa mwenyekiti, alikuwa ameshaanza kutoa machozi ya huruma. Yalikauka pale pale. Mtu mmoja nyuma akauliza kama mjukuu amefanana na babake. Vicheko! Pak Modin peke yake hakucheka. Akavua miwani, akaivaa, akaangalia ndani ya kofia.

"Pak Ngadiman," akasema, "mnyama sina dua ya kumpa jina. Nitamwombea mwenye mnyama. Nikiangalia hapa, huyo ndiye anayeumwa zaidi."

Na akaomba kweli. Dua ndefu. Akamwomba Mungu anipe akili, anizidishie, asinikatie. Watu ishirini na wawili wakaitikia amina kwa nguvu kuliko Idi. Wakala uji, ukaisha wote.

Mimi nilikuwa nasubiri Darsono afungue mdomo. Mwaka mzima nimeyasikia maneno yake kuhusu kindi wangu. Panya mwenye koti, hivyo ndivyo anavyomwita. Lakini Darsono hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama juu ya kofia. Kapuk alijaribu kutoka, akajivuta kwa mikono, miguu ikabaki nyuma. Darsono akatoa kidole, Kapuk akakishika kwa mkono wake mmoja mdogo.

"Tangu lini hivi?" akauliza.

"Jumamosi."

"Na umekaa naye siku tatu. Kwa ajili yangu?"

Nikashughulika kukunja ukingo wa mkeka.

"Inuka, bwana. Twende kwa Wulan. Pikipiki ninayo."

Nilijua ni mtego. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshavaa ndara. Tukapita mtaa mzima, mimi nyuma ya Darsono, Kapuk ndani ya shati langu, mkono wangu mmoja umemshikilia, mwingine umelikumbatia tumbo la adui. Watoto wa shule walitushangilia, sijui kwa nini.

Dokta Wulan alituona mlangoni akasema, ala, mpwa wa Magelang amefika. Nikasema sielewi. Akanionyesha simu yake. Namba niliyopigia ameihifadhi: Bu Yem wa Tempe. Alikuwa ametungoja tangu jana. Hata asubuhi alimkumbusha Yem sokoni, na Yem akamjibu kwamba leo atakuja, aache kwanza mzee amalize uji wake.

Kisha akamnusa Kapuk.

"Nani alikuwa anataka kumkaanga huyu?"

Darsono akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Hakuna upepo, kasema Wulan. Mifupa imekosa kalsiamu. Mnyama huyu akila utamu mtupu mifupa inalainika, miguu ya nyuma inakufa ganzi, na angechelewa siku mbili zaidi ingekuwa hadithi nyingine. Kampiga sindano, nyembamba kama unywele. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Jumatano Pon, 14 Agosti

Amri za Dokta Wulan: kizimba kidogo, asipande, asiruke. Papai kidogo. Sukari, hapana. Na nyenje kumi kila siku, wamepakwa unga wa kalsiamu.

Amri hizo alizitoa mbele ya Yem, maana alipita mwenyewe asubuhi kumwangalia mgonjwa. Yem akasema hapo ndipo asipoelewa, nyenje mbona ananunua kila siku, pakiti nzima, tangu Julai?

"Basi," akauliza Wulan, "walikuwa wanaliwa na nani?"

Nilikuwa nakunywa chai. Chai ikapita njia isiyo yake. Yem akanitazama. Akatazama kikaango. Kisha akaenda jikoni, akainusa ile chupa ya pilipili niliyoificha nyuma ya gunia la mchele. Niliona mgongo wake tu. Mgongo wa Yem unaweza kusema mambo mengi.

Hakunigombeza mbele ya mgeni. Baadaye akasema maneno machache, na ningependa zaidi angenigombeza. Alisema, "Umemnyima chakula kiumbe wa Mungu ili umshinde njiwa." Nimekaa nyuma ya nyumba mpaka Adhuhuri. Nimejisikia mdogo kuliko nyenje. Ni kweli, na ninaona haya.

Sasa nyenje anawahesabu yeye. Anaweka kumi kwenye bakuli, anakaa pale, anatazama mdomo wa Kapuk. Halafu anatazama wangu.

Ijumaa Kliwon, 16 Agosti

Kashika!

Baada ya Alasiri nimeingiza kidole chini ya miguu yake ya nyuma, na vidole vile vimenishika. Dhaifu, lakini kashika. Nimemwita Yem, kaja na mikono imejaa chachu ya tempe, naye akajaribu, akamshika pia. Tulicheka wote wawili kama wachumba. Amekula nyenje tisa na nusu. Ile nusu sijaigusa, Yem ni shahidi.

Darsono kachungulia juu ya ua kuuliza hali. Nikamwambia anashika. Akasema alhamdulillahi, na uso wake ulionyesha kabisa kwamba anasema kwa moyo. Sijui nimfanyeje mtu huyu sasa. Ni vigumu kumchukia mtu ambaye umemkumbatia tumbo.

Nimejiuzulu mashindano. Nimemwandikia mwenyekiti barua rasmi, nakala mbili.

Jumamosi Legi, 17 Agosti

Uhuru! Bendera, magunia, watoto wenye grisi mpaka kwenye kope.

Saa tisa Mnyama Hodari. Nilikaa mbele, Kapuk mfukoni, kichwa nje, kama mgeni rasmi. Darsono akapandisha kizimba kwenye mlingoti. Mtaa ukanyamaza. Wazee wakafumba macho tayari.

Kimya. Njiwa anatutazama. Darsono akapiga vidole. Kimya. Akapiga mluzi, akabembeleza, akamwita kwa jina lake lote. Dakika tano! Nilikuwa nimeisubiri siku hii miaka mitatu, na nilipoiona nikajikuta nasema polepole, lia basi, we ndege, lia. Hakulia.

Ameshinda mbuzi wa Pak Modin, ambaye hakufanya lolote isipokuwa kuila orodha ya washindani.

Darsono alikiteremsha kizimba peke yake. Hakukaa kula.

Jumapili Pahing, 18 Agosti

Darsono kaja asubuhi, kapitia mlango wa nyuma, kofia imeshushwa machoni. Kasubiri kwanza Yem aende sokoni. Njiwa hajalia tangu Alhamisi, anapukutisha manyoya. Wulan amesema ndege yuko kwenye kubadilisha manyoya, asisumbuliwe, mwezi mmoja atalia mwenyewe.

"Ni mwanangu," akasema Darsono, "lakini amesoma mno."

Kisha akavuta kiti karibu. Akataka nimwambie kweli, mtu na jirani yake. Kapuk aliponywa na nini, sindano au uji?

Nilifikiri kwa makini, maana mtu akikuuliza kwa unyonge hivyo una wajibu. Uji ulikuwa umeshaliwa kabla hatujapanda pikipiki. Jina lilikuwa limeshabadilika. Sindano ilimkuta mgonjwa ameshaanza kupona. Ukiyapanga mambo kwa mpangilio wake, ni wazi kabisa, na nashangaa sikuliona mapema.

Nikamuuliza njiwa anaitwa nani kwa ukamilifu. Akasita. Kyai Guntur Segara Wesi. Radi ya bahari ya chuma.

Nikapiga ulimi. Tuliitazama chai yetu kwa huzuni. Ndege wa kiganjani, na radi, na bahari, na chuma! Koo gani litapitisha sauti hapo?

Nimemwandikia kila kitu kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu wa posta. Jumanne baada ya Alasiri, uji mweupe na mwekundu. Jina jipya tutafute la upepo au la povu. Kwanza apunguze mtama, maana mtama ni mzito kwenye koo. Badala yake ampe sukari guru, inalainisha sauti.

Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya kofia. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, kama siku ile ya maziwa.

"Wulan asijue," akasema.

"Ng'o," nikasema.

Tumekubaliana tukialika watu, tutasema ni mtoto.